Namna ya Kumwongoza Msaidizi wa Akili Mnemba Afuate Kanuni za Fremuweki ya Wavuti

Msaidizi wa akili mnemba anayeandika msimbo amejifunza kutokana na programu za miaka mingi, na kwa fremuweki za wavuti, yaani mifumo ya msimbo iliyotayarishwa kwa ajili ya kujengea tovuti, miaka mingi huwa na matoleo mengi yanayopingana. Ndiyo maana kosa lake la kawaida ni kuandika msimbo uliokuwa sahihi kabisa miaka michache iliyopita. Mwombe aweke njia ya mtumiaji kutoka (logout) kwenye mfumo uliojengwa kwa Django, fremuweki ya lugha ya Python, naye anaweza kukuandikia kiungo cha kawaida kinachoelekea kwenye anwani ya `logout`. Kiungo cha namna hiyo kilifanya kazi kwa muda mrefu, kikatangazwa katika toleo la 4.1 kuwa kitaondolewa, na tangu toleo la 5.0 la Desemba 2023 seva hukikataa kwa jibu la 405, yaani aina hiyo ya ombi hairuhusiwi, kwa kuwa mtumiaji sasa hutoka kwa fomu inayotuma ombi la POST. Katika Next.js, fremuweki ya JavaScript, msaidizi huyo anaweza kuweka `getServerSideProps`, fanksheni ya kuleta data kwenye seva, ndani ya folda ya `app`, ambako haitumiki. Katika Laravel, fremuweki ya PHP, anaweza kutaka kuhariri `app/Http/Kernel.php`, faili ambalo miradi mipya haina tangu toleo la 11 la Machi 2024.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kumpunguzia msaidizi nafasi ya kukisia. Mifano mingi nimeichukua kutoka Django, ila hatua zenyewe zinafaa kwa fremuweki nyingine yoyote. Msimamo unaoongoza yote yanayofuata ni kwamba kanuni inayoweza kukaguliwa na mashine isiachwe ibaki sentensi ya kumsihi msaidizi. Maandishi yatumike kwa yale ambayo mashine haiwezi kuyapima.

Hatua ya kwanza: tambua toleo na njia mliyoichagua

Kabla ya kuandika kanuni yoyote, fungua faili linalotunza matoleo ya maktaba, yaani `requirements.txt`, `composer.lock` au `package-lock.json` kulingana na lugha mnayoitumia, kisha uandike toleo halisi. Kusema kwamba mradi unatumia Next.js hakumsaidii msaidizi, kwa sababu mstari uleule wa `fetch` ulikuwa ukihifadhi majibu kwenye kashe (hifadhi ya muda) bila kuambiwa katika toleo la 14, ilhali katika toleo la 15 la Oktoba 2024 hauhifadhi mpaka uamriwe. Mtu anayesoma msimbo huo haoni tofauti yoyote. Tofauti huonekana data inapokuwa ya zamani au seva inapozidiwa na maombi.

Fremuweki nyingi pia zina njia mbili zinazokubalika za kufanya jambo moja. Next.js ina folda ya `pages` na folda ya `app`, Vue ina Options API na Composition API, na Django inaruhusu kurasa zilizoandikwa kwa fanksheni au kwa klasi. Chagueni moja na muitaje waziwazi. Mradi usiotaja njia yake hupata zote mbili ndani ya muda mfupi, na baada ya hapo msaidizi atakuwa na mifano ya kuhalalisha chochote anachokiandika.

Ikiwa chombo chako kinaweza kusoma nyaraka, mpe nyaraka za toleo hilohilo. Baadhi ya fremuweki hutoa faili la `llms.txt`, muhtasari wa nyaraka ulioandaliwa usomwe na modeli za akili mnemba, utaratibu uliopendekezwa mwaka 2024, na nyingine zina seva za MCP (itifaki ya kuunganisha msaidizi na vyombo vya nje) zinazomwezesha msaidizi kutafuta nyaraka mwenyewe. Laravel Boost ni mfano mmoja.

Hatua ya pili: andika faili la maelekezo

Kila chombo kina mahali pake pa kusomea maelekezo ya mradi. Vyombo vingi husoma `AGENTS.md` iliyo kwenye mzizi wa mradi, Claude Code husoma `CLAUDE.md`, GitHub Copilot husoma `.github/copilot-instructions.md`, na Cursor husoma folda ya `.cursor/rules`. Timu inayotumia zaidi ya chombo kimoja isinakili maandishi yaleyale mara nne, kwa kuwa nakala hizo zitatofautiana mapema. Weka maelekezo katika `AGENTS.md`, kisha mafaili mengine yaelekeze huko, katika `CLAUDE.md`, kwa mfano, mstari mmoja wa `@AGENTS.md` unatosha. Faili hili lihifadhiwe kwenye Git na mabadiliko yake yapitiwe na wenzako kama msimbo mwingine wowote.

Huu ni mfano wa faili la mradi wa kupokea oda za wateja. Humo modeli ni klasi inayowakilisha jedwali la hifadhidata, migresheni ni faili la kubadilisha muundo wa hifadhidata, serialaiza ni klasi inayogeuza data kuwa JSON na kinyume chake, `csrf_exempt` huondoa kinga dhidi ya maombi ya kughushi, na `mark_safe` huiambia Django isiisafishe HTML:

```
# Mradi
Django 5.2, Python 3.12, PostgreSQL 16.
Kurasa hutengenezwa na seva. Hatutumii React.
Kurasa mpya ziandikwe kwa fanksheni, si kwa klasi.

# Amri
Majaribio:   python manage.py test
Ukaguzi:     ruff check .
Migresheni:  python manage.py makemigrations --check --dry-run

# Kanuni
- Modeli inayomhusu mtumiaji itumie settings.AUTH_USER_MODEL;
  kwingineko tumia get_user_model().
- Fomu na serialaiza zitaje sehemu zake kwa majina. Usitumie
  fields = "__all__", kwa sababu sehemu itakayoongezwa baadaye
  itaanza kupokea data kutoka nje bila mtu kuamua hivyo.
- Hesabu za bei na hali ya oda zikae kwenye oda/services.py.
- Usihariri migresheni iliyokwisha kuingia tawi kuu, tengeneza mpya.
- Usitumie csrf_exempt wala mark_safe. Ukiona hakuna njia nyingine,
  simama, eleza, na usubiri jibu.
- Usiongeze maktaba mpya bila kuuliza.
```

Faili hilo ni fupi kwa makusudi. Maelekezo haya huingizwa kwenye muktadha wa modeli ya akili mnemba kila kikao kinapoanza, na kadiri yanavyorefuka ndivyo kanuni moja muhimu inavyozama katikati ya nyingine zisizo na uzito. Sentensi kama "andika msimbo safi, salama na wenye ubora" iondolewe bila majuto: haimwambii msaidizi afanye nini tofauti na ambavyo angefanya, na hakuna awezaye kuthibitisha kama imefuatwa. Vivyo hivyo usinakili nyaraka za fremuweki humo, wala usieleze nafasi za mwanzo wa mstari na aina ya alama za nukuu, kwa kuwa hayo ni ya programu ya kupanga msimbo.

Angalia pia kwamba kanuni ya `fields` imeandikwa pamoja na sababu yake. Sababu humwezesha msaidizi kuitumia kanuni mahali ambapo hukupataja, kwa mfano anapopokea JSON moja kwa moja na kuimimina ndani ya modeli bila kupitia fomu. Hatari yenyewe ina historia: mnamo Machi 2012 mtu mmoja alitumia udhaifu wa aina hii katika mfumo wa GitHub, uliojengwa kwa Rails, fremuweki ya lugha ya Ruby, akajiongezea haki ya kuandika kwenye hazina ya msimbo ya Rails yenyewe, na toleo la Rails 4 la mwaka 2013 likaja na utaratibu unaomlazimisha mwandishi wa programu kutaja sehemu zinazoruhusiwa. Laravel hutumia `$fillable` kwa lengo hilohilo. Jambo hili linajulikana vizuri, lakini msaidizi anayeharakisha kumaliza kazi bado huchagua njia fupi akiruhusiwa.

Kanuni inayokataza iandikwe pamoja na kitu cha kufanya badala yake. Ukiandika tu "usitumie `env()` ndani ya msimbo" katika mradi wa Laravel, msaidizi anaweza kubuni njia yake. Ukiandika "soma mipangilio kwa `config()`, na `env()` itumike ndani ya folda ya `config` peke yake, kwa sababu baada ya `config:cache` thamani zake hurudi tupu", umemaliza mjadala. Kosa hili linastahili mstari wake mwenyewe kwa kuwa halionekani kwenye kompyuta ya mwandishi. Huonekana siku mfumo unapopelekwa kwa watumiaji.

Hatua ya tatu: mwonyeshe mfano kutoka ndani ya mradi

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, ingawa kwa maoni yangu ina nguvu kuliko faili lote la maelekezo. Msaidizi huiga msimbo ulio karibu naye. Ukimwambia kwamba hesabu zikae kwenye `services.py`, halafu yeye akafungua mafaili matano na kukuta hesabu zote ziko ndani ya `views.py`, ushahidi alio nao unapingana na neno lako, na mara nyingi ushahidi ndio unaoshinda. Hapo si haki kumlaumu. Hata mwandishi mpya wa kibinadamu angefanya hivyohivyo.

Kwa hiyo chagua sehemu moja ya mradi, uisafishe kwa mkono mpaka uridhike nayo, kisha uitaje: "Ukurasa mpya wa orodha ufuate muundo wa `oda/views.py` na majaribio yafuate `oda/tests/test_orodha.py`." Sehemu hiyo iwe kamili, yaani iwe na fomu, ukaguzi wa ruhusa, ujumbe wa kosa, kugawa orodha katika kurasa, na majaribio yake. Mfano nusu huzaa kazi nusu, kwa maana kile kisichokuwamo kwenye mfano msaidizi atakijaza kutoka katika kumbukumbu zake za matoleo ya zamani.

Upande wa pili ni kutaja yasiyopaswa kuigwa. Karibu kila mradi uliodumu una folda ambayo kila mtu anajua ni ya zamani ila hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Andika. Vyombo vingi huruhusu faili la maelekezo ndani ya folda ndogo, na lile lililo karibu zaidi na msimbo unaohaririwa ndilo hupewa uzito. Kwa hiyo `AGENTS.md` ya mistari mitatu ndani ya folda ya `zamani` inaweza kusema kwamba humo yanarekebishwa makosa tu, bila kuongeza uwezo mpya na bila kuiga muundo wake kwingineko.

Hatua ya nne: omba mpango kabla ya msimbo

Kazi inayogusa zaidi ya faili moja ianze kwa mpango wa maandishi. Ombi la "ongeza ukurasa wa oda" linaacha maswali yote wazi. Linganisha na hili: "Ongeza ukurasa unaomwonyesha mteja oda zake, mpya zikitangulia, ishirini kwa kila ukurasa. Mteja asiione oda ya mtu mwingine kwa njia yoyote. Fuata muundo wa `oda/views.py`. Kabla ya kuandika, nieleze mafaili utakayoyagusa, kama kuna migresheni, na jaribio litakalothibitisha sharti la ruhusa." Mpango mbaya husomwa kwa dakika mbili na kukataliwa, ilhali msimbo mbaya wa mistari mia nne humtamanisha msomaji kuukubali ulivyo.

Hatua ya tano: geuza kanuni ziwe ukaguzi

Chukua kosa la maswali yanayozidiana kwenye hifadhidata. Ukurasa unaoorodhesha oda 50 pamoja na jina la kila mteja, ukiandikwa bila uangalifu, hutuma swali moja la kupata oda kisha maswali mengine 50 ya kupata wateja, na kwa `select_related("mteja")` hubaki swali moja. Msaidizi analijua hili, tena akiulizwa atalieleza vizuri. Tatizo ni kwamba jina la mteja husomwa kwenye faili la HTML, mbali na mahali swali lilipoandikwa, hivyo hulisahau. Kanuni ya maandishi husaidia kiasi. Jaribio hili husaidia zaidi:

```
def test_orodha_haizidishi_maswali(self):
    for _ in range(50):
        tengeneza_oda()
    self.client.force_login(self.karani)
    with self.assertNumQueries(3):
        self.client.get("/oda/")
```

Maswali matatu ni la kikao, la mtumiaji na la orodha yenyewe. Ukurasa unaogawa orodha utaongeza moja la kuhesabu. Msaidizi akiharibu, jaribio litaanguka na litaorodhesha maswali yaliyotumwa, naye atajirekebisha bila wewe kusema neno. Katika Laravel, `Model::preventLazyLoading()` hufanya kazi inayofanana kwa kurusha kosa pale uhusiano unaposomwa bila kuandaliwa. Iwashwe kwenye mazingira ya maendeleo na ya majaribio.

Makatazo mengi ya hatua ya pili nayo yana mkaguzi wake. Programu ya ruff, mkaguzi wa msimbo wa Python, ina kundi la kanuni za `DJ` kwa ajili ya Django, `S` kwa usalama na `UP` kwa mitindo ya Python iliyopitwa na wakati; ya kwanza hukamata `fields = "__all__"` kwenye fomu, na ya pili huonya juu ya `mark_safe`. Haigusi serialaiza, kwa hiyo kanuni ya serialaiza ibaki kwenye maandishi. Kwa React kuna `eslint-plugin-react-hooks`, na kwa Vue kuna `eslint-plugin-vue`. Amri ya `python manage.py check --deploy` hukagua mipangilio ya usalama kabla ya kupeleka mfumo kwa watumiaji, na `python -Wa manage.py test` huonyesha maonyo ya vitu vitakavyoondolewa katika matoleo yajayo, ambayo kwa kawaida hufichwa.

Amri hizi ziwekwe kwenye faili la maelekezo ili msaidizi aziendeshe mwenyewe kabla ya kusema amemaliza, na ziwekwe pia kwenye seva ya ukaguzi inayozuia msimbo kuingia tawi kuu. Usitegemee la kwanza peke yake.

Hapa pana mtego. Msaidizi aliyeambiwa afanye majaribio yapite anaweza kuyafanya yapite kwa kuyabadilisha: kupandisha 3 iwe 53, kufuta mstari wa uthibitisho, au kubandika `# noqa`, `eslint-disable` na `@ts-ignore`, alama zinazowanyamazisha wakaguzi. Andika kwamba jaribio lililokuwapo halibadilishwi bila ruhusa, na unapopitia kazi yake anza na mafaili ya majaribio kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Hatua ya sita: usalama upitiwe na mtu

Katika orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu za wavuti, hatari iliyowekwa ya kwanza ni udhaifu katika kudhibiti nani anaruhusiwa kufanya nini. Aina hii ya kosa haikamatwi na mkaguzi wa mtindo, kwa kuwa msimbo wenyewe ni sahihi:

```
oda = get_object_or_404(Oda, pk=pk)
oda = get_object_or_404(Oda, pk=pk, mteja=request.user)
```

Mstari wa kwanza unamruhusu mteja yeyote aliyeingia kwenye mfumo kubadilisha namba kwenye anwani na kusoma oda ya mwingine; wa pili haumruhusu. `@login_required`, inayodai tu kwamba mtu awe ameingia kwenye mfumo, haiondoi tofauti hiyo, na wapitiaji wengi huridhika wakishaiona. Daima daini jaribio lenye watumiaji wawili, ambapo wa pili anapoomba oda ya wa kwanza anapata 404 (haipo).

Ruhusa ikaguliwe karibu na data, si mlangoni peke yake. Mnamo Machi 2025 udhaifu wa Next.js wenye namba CVE-2025-29927 ulionyesha kwamba ombi lenye kichwa fulani cha HTTP liliweza kuruka faili lote la `middleware.ts`, linalochuja maombi kabla hayajafika kwenye kurasa, na miradi iliyoweka ukaguzi wake wote humo ikabaki wazi. Fanksheni za Next.js zinazoendeshwa kwenye seva, zenye alama ya `"use server"`, nazo zinahitaji ukaguzi ndani yake, maana mtu wa nje anaweza kuziita bila kupitia kitufe chochote ulichokichora. Na vigeu vya mazingira (thamani za mipangilio) vinavyoanza na `NEXT_PUBLIC_` huishia kwenye kivinjari cha kila mtu, kwa hiyo ukiona msaidizi ameongeza kiambishi hicho kwenye ufunguo wa siri ili kosa liondoke, simamisha kazi.

Kuhusu maktaba mpya, hakiki kwamba ipo kweli na kwamba ndiyo unayoifikiria. Modeli za akili mnemba wakati mwingine hubuni majina yanayosadikika, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kulisajili jina kama hilo likiwa na msimbo wake ndani. Msaidizi mwenyewe asipewe nenosiri la hifadhidata inayotumiwa na watu. Migresheni ya huko iendeshwe na utaratibu wenu wa kawaida wa kutoa matoleo.

Hatua ya saba: pima kanuni na uzipunguze

Kanuni mpya ijaribiwe. Fungua kikao kipya, mpe msaidizi kazi ndogo inayoigusa bila kuitaja, uone kama ataifuata. Kisha iondoe kwenye faili na urudie kazi ileile katika kikao kingine. Ikiwa matokeo hayatofautiani, kanuni hiyo haina kazi na iondolewe. Ikiwa haifuatwi hata ikiwapo, tafuta mfano ndani ya mradi unaoipinga kabla ya kuiandika upya kwa herufi kubwa. Kosa ulilolirekebisha mara mbili katika mapitio linastahili kuingia, kwanza kama ukaguzi ikiwezekana, na kama sentensi ikishindikana. Ukaguzi ukishakuwapo, sentensi yake ifutwe.

Wakati wa kupanda toleo, anza na vyombo visivyokisia. `django-upgrade` na `@next/codemod` hubadilisha mifumo inayojulikana ya msimbo kwa kanuni zilezile kila mara, kwa gharama ndogo na bila ubunifu. Baada ya hapo badilisha mstari wa toleo kwenye faili la maelekezo, mpe msaidizi maelezo rasmi ya toleo jipya pamoja na maonyo yaliyotolewa na `-Wa`, na umwagize ashughulikie onyo moja moja, kila moja katika badiliko lake, huku majaribio yakiendeshwa kati yake. Kisha pitia kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya toleo lililoachwa na uzitoe, kwa sababu kanuni ya toleo la zamani ikibaki humo itamrudisha msaidizi kulekule alikotolewa, safari hii kwa amri yako.